Krete kwa mwezi, kwa pwani na kwa upepo: namna ya kuisoma hali ya hewa ya kisiwa kabla ya kulipia safari

Ukiuliza hali ya hewa ya Krete, kisiwa cha Ugiriki, mwezi Oktoba, utapewa jibu fupi: nyuzijoto 24 mchana, 17 usiku, siku chache za mvua. Jibu hilo si la uongo. Limepimwa kituoni, mara nyingi Heraklion, mji mkuu wa kisiwa, likajumlishwa kwa miaka mingi kisha likagawanywa. Lakini siku moja ya Oktoba mtu aliyeko Malia, pwani ya kaskazini, anaweza kuwa amesimama mbele ya bendera nyekundu inayokataza kuoga, akitazama mawimbi yenye povu. Mwenzake aliyeko Ierapetra, upande wa pili wa kisiwa, anaoga kwenye maji yaliyotulia. Na wa tatu aliyepanda uwanda wa Omalos, juu milimani, amevaa koti. Wote watatu wako Krete, na wastani ule haumwelezi hata mmoja wao.

Jambo hili lina uzito kwa anayelipa mapema. Waswahili wengi wanaoishi Ujerumani, Uholanzi au Uingereza hukutana na matangazo ya wiki moja Krete, ndege na hoteli kwa bei moja, na bei hiyo hupanda na kushuka kwa mwezi bila kusema kwa nini. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam naye huomba viza ya Schengen kwa tarehe alizokwisha kuzichagua. Akikosea mwezi, au akapata mwezi sahihi lakini pwani isiyofaa, hawezi kurudi nyuma. Kwa hiyo inafaa kuelewa kinachoendesha hali ya hewa ya pale, kuliko kukariri jedwali la miezi.

Kwanza umbo la kisiwa. Krete ina urefu wa kilometa 260 hivi kutoka magharibi hadi mashariki, lakini upana wake haupiti 60, na karibu na Ierapetra unabana hadi 12 tu. Juu ya ardhi hiyo nyembamba imesimama milima mirefu kwelikweli: Lefka Ori upande wa magharibi, Psiloritis katikati, Dikti mashariki. Kilele cha Psiloritis kina mita 2456, na kile cha Pachnes katika Lefka Ori mita 2453. Theluji hukaa juu huko hadi Mei, wakati watu wameshaanza kuoga baharini chini. Hakuna upepo unaovuka kisiwa hiki bila kubadilishwa na milima hiyo, na hakuna wingu la mvua linalopita bila kukamuliwa. Heraklion hupata chini ya milimita 500 za mvua kwa mwaka. Kwenye nyanda za juu za Lefka Ori kiasi hicho hukaribia milimita 2000.

Mvua yenyewe ndiyo inayomchanganya msafiri aliyekulia kwetu. Afrika Mashariki mvua hulifuata jua. Jua la utosi linapovuka ikweta kwenda kaskazini, na tena linaporudi kusini, ukanda wa mvua hupita nalo, tukapata masika na vuli. Joto na mvua tumezoea kuviona vikiandamana. Krete ni kinyume kabisa: joto likipanda, mvua hukatika, baridi ikiingia, mvua hurudi. Julai na Agosti kwa pamoja haziifikishii Heraklion hata milimita 5. Desemba na Januari ndiyo miezi yake ya mvua nyingi.

Sababu yake iko juu angani. Hewa inayopanda kwenye ukanda wa ikweta, baada ya kumwaga mvua yake huku kwetu, husafiri kuelekea kaskazini na kushuka tena karibu na latitudo ya 30. Hewa inayoshuka hupata joto na kukauka, na mawingu hayawezi kujengeka ndani yake. Huo ndio mgandamizo mkubwa wa hewa unaoifanya Sahara kuwa jangwa. Wakati wa kiangazi ukanda huo husogea kaskazini, ukaifunika Bahari ya Mediterania. Majira ya baridi hurudi kusini, na njia ikabaki wazi kwa mifumo ya mvua inayotoka Atlantiki pamoja na ile inayozaliwa humohumo Mediterania, karibu na Genoa, Italia, na karibu na Kupro. Tabianchi ya namna hii haiko Ulaya peke yake. Algiers na Tunis wanayo, na Cape Town pia, ila kwa Cape Town miezi imegeuzwa: mvua yao ni Juni hadi Agosti.

Lakini mgandamizo huo hautoshi kueleza ukavu wa Krete. Upande wa mashariki wa Mediterania ni mkavu kupita kiasi wakati wa kiangazi, kuliko latitudo yake inavyostahili, na hapa ndipo simulizi linapoigusa pwani yetu. Mwaka 1996 wanasayansi Mark Rodwell na Brian Hoskins walionyesha, kwa kutumia mifano ya kompyuta, kwamba joto linaloachiwa angani na mvua kubwa za monsuni, yaani pepo za msimu, za Asia husukuma hewa ishuke mbali sana upande wa magharibi, juu ya Sahara ya mashariki na Mediterania ya mashariki. Monsuni hiyo ndiyo inayouvuta upepo wa kusi. Hewa inayotoka kusini mwa Bahari ya Hindi, ikapita Mtwara, Unguja na Lamu, ikakaza mwendo pwani ya Somalia hadi India, inakwenda kuilisha mvua ileile ambayo nguvu yake inaikausha Krete. Julai, kusi likiwa limekomaa na wavuvi wetu wameshabadili maeneo yao ya kuvulia, Krete iko katikati ya ukame wake wa kila mwaka.

Tena monsuni hiyo ina mkono mwingine huko. Eneo la mgandamizo mdogo wa hewa linalojengeka juu ya India na Pakistan kwa sababu ya joto hunyoosha ulimi wake kupitia Iran hadi Uturuki. Upande wa pili, juu ya Balkani, mgandamizo ni mkubwa. Hewa hutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mdogo, na kwa kuwa dunia inazunguka, katika kizio cha kaskazini hewa hiyo hupinda kuelekea kulia. Matokeo yake ni upepo wa kaskazini unaoteremka Bahari ya Aegean yote, kutoka Thrace, kaskazini kabisa, hadi Krete. Wagiriki wa leo wanauita meltemi. Wa kale waliuita upepo wa kila mwaka, na mwanafalsafa Aristotle aliandika juu yake zaidi ya miaka 2300 iliyopita, akijiuliza kwa nini huvuma baada ya jua kufika upeo wake wa kaskazini.

Meltemi huanza kuonekana Juni, hukaza Julai na Agosti, na hulegea kuelekea mwisho wa Septemba. Huja bila mawingu. Anga ni buluu tupu, jua linawaka, na bahari imechafuka. Mara nyingi huanza kupanda asubuhi inapokwisha, hufikia ukali alasiri, na hupungua usiku, ingawa ukishika kweli unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo bila kupumzika. Nguvu yake ya kawaida ni 5 hadi 7 kwa kipimo cha nguvu ya upepo kiitwacho Beaufort. 7 maana yake ni kilometa 50 hadi 61 kwa saa. Ukizidi hapo, mamlaka za bandari huzuia vyombo kuondoka. Boti za kasi husimama kwanza, meli kubwa baadaye. Aliyepanga kwenda kisiwa cha Santorini na kurudi siku hiyohiyo kwa boti ya kasi katikati ya Agosti, kisha apande ndege kesho yake, amejiweka pabaya. Inafaa aache siku moja ya akiba.

Upepo huu si adui. Bila meltemi, Agosti ya Heraklion isingekaa kwenye nyuzijoto 29 au 30 mchana wakati Athens inapita hapo kwa nyuzi kadhaa. Ndio unaofanya watu walale. Hatari yake ni kwamba unaondoa dalili ya kuungua: jua la mwisho wa Juni saa saba na nusu mchana limesimama karibu nyuzi 78 juu ya upeo, karibu kama la kwetu, lakini ngozi inahisi ubaridi wa upepo na mtu hajui kinachompata hadi jioni. Ngozi nyeusi nayo huungua, na kichwa nacho huuma. Kofia isiyopeperuka na maji ya kunywa ni vya lazima.

Kuna jambo ambalo mtu wa pwani yetu atalikosa bila kujua analolikosa: maji kupwa na kujaa. Unguja tofauti kati ya maji makuu na maji madogo wakati wa bamvua hupita mita 3. Krete ni sentimita chache tu, na wengi hawaoni kitu. Hakuna kupanga kuoga kwa kufuata mwezi. Bahari ikiwa tulivu au mbaya, ni upepo tu uliosema.

Na upepo unasema jambo moja kwa pwani ya kaskazini na jingine kwa pwani ya kusini. Meltemi ukivuma, pwani ya kaskazini, kuanzia Chania, Rethymno, Heraklion hadi Malia, ndiyo iliyo upande wa joshi, unakotokea upepo. Mawimbi yaliyokusanya nguvu katika Aegean yote yanavunjikia hapo, na mkondo wa maji yanayorudi unaweza kumvuta hata mwogeleaji mzuri. Huko ndiko hoteli nyingi zilikojengwa, na huko ndiko bendera nyekundu huonekana zaidi Julai na Agosti. Zipo sehemu zilizokingwa: ghuba ya Souda karibu na Chania, na maji ya Elounda yaliyofichwa nyuma ya rasi ya Spinalonga. Zipo pia zinazoutafuta upepo huo kwa makusudi, kama Kouremenos kwenye ncha ya mashariki, wanakokwenda watu wa mbao za tanga. Mwenye watoto wadogo ajue anakwenda kwenye sehemu ya namna gani.

Pwani ya kusini iko demani, upande uliokingwa na upepo, nyuma ya milima. Wengi husikia hivyo wakafikiri huko ni shwari. Baadhi ya siku ni kweli: Paleochora, Loutro na Matala zinaweza kuwa na maji kama kioo wakati kaskazini kunachafuka. Ila upepo uliozuiwa na milima haupotei. Unatafuta makorongo na mapengo, unabanwa humo, kisha unaporomoka upande wa pili kwa vishindo. Plakias inajulikana kwa vishindo hivyo, na Ierapetra pia, kwa sababu imekaa mbele ya pengo lile la kilometa 12. Kwenye fukwe hizi upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Maji ya karibu yanabaki laini kwa sababu mawimbi hayajapata nafasi ya kujengeka, na hiyo ndiyo hila yake: mtoto aliyelala juu ya godoro la kujaza upepo anaweza kusukumwa mbali kwa dakika chache, kuelekea Libya, ambayo iko zaidi ya kilometa 250 mbele. Ukiona maji laini kabisa pwani ya kusini huku mchanga unakuchapa miguuni, usiingize chombo chochote cha kuelea kisicho na kasia na kamba. Hili ningependa liandikwe kwenye kila tangazo la likizo la pwani hiyo.

Tena hewa inayoteremka milima hupashwa moto kwa kubanwa inaposhuka. Ndiyo maana meltemi uleule unaoipoza Heraklion unaiacha Ierapetra na joto zaidi na ukavu zaidi.

Geuza upepo, kila kitu kinageuka. Mgandamizo mdogo ukipita upande wa magharibi au kaskazini ya Krete, jambo linalotokea zaidi kati ya Februari na Juni mapema, na tena vuli inapoingia, hewa hutoka kusini, Afrika, moja kwa moja juu ya Bahari ya Libya. Sasa pwani ya kusini ndiyo inayopigwa na mawimbi, na kaskazini ndiko hewa inakoporomoka na kupata moto. Hata Februari au Machi, siku moja ya upepo huo Heraklion inaweza kupita nyuzijoto 25, na siku mbili baadaye mtu akatafuta sweta. Upepo huo hubeba vumbi la Sahara. Tarehe 22 Machi 2018 vumbi liliifunika Krete kiasi kwamba anga yote iligeuka rangi ya machungwa mchana kweupe, na kuona mbali kukawa shida. Mwenye pumu anayesafiri Machi hadi Mei asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani kwa kufikiri anakwenda kwenye hewa safi ya bahari.

Juni 2024 upepo wa namna hiyo ulileta joto la mapema mno. Krete ilipita nyuzijoto 40 kabla ya katikati ya mwezi, na Athens walifunga magofu ya Acropolis saa za mchana. Watalii kadhaa walifariki wakitembea sehemu mbalimbali za Ugiriki mwezi huo. Juni katika jedwali la wastani ni mwezi mpole, nyuzijoto 27 hivi mchana, na kwa wiki nyingi ni mpole kweli. Wastani huo hauwezi kukuambia kwamba siku tatu kati ya thelathini zitakuwa za kutotoka nje.

Sasa bahari. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole, kama sufuria kubwa ya maji iliyowekwa jikoni: nchi kavu imeshaunguza miguu wakati maji bado hayajafikia uvuguvugu. Kwa hiyo bahari ya Krete iko nyuma ya hewa kwa wiki kadhaa. Februari na Machi, ndipo maji yanapokuwa baridi kuliko yote, nyuzijoto 16 hivi. Mei ni 19 au 20. Juni 22, Julai 24, Agosti 25 hadi 26, Septemba 25, Oktoba 23, na Novemba bado 20 hadi 21. Soma upya namba hizo. Maji ya Novemba yana joto kuliko ya Mei, ingawa Mei ina jua refu na Novemba ina mawingu. Oktoba ina maji ya vuguvugu kuliko Juni.

Kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi, ambayo Dar es Salaam au Mombasa haishuki chini ya nyuzijoto 25 hata wakati wa kipupwe, hii ni tofauti ya kuamua safari nzima. Mei ni mwezi mzuri sana wa Krete: maua bado yapo milimani, makorongo yana maji, bei haijapanda, mchana ni nyuzijoto 23 au 24. Mjerumani anaingia baharini Mei akicheka. Mtu wa Tanga ataingia hadi magotini na kutoka. Kama bahari ndiyo unayoifuata, usiende kabla ya mwisho wa Juni. Kama unafuata kutembea, vijiji na magofu ya Knossos, ambako kivuli ni haba, nenda Aprili au Mei na usiwaze bahari.

Mimi ningechagua nusu ya pili ya Septemba. Maji yako karibu na kilele chake, meltemi umelegea, joto la mchana limerudi chini ya 28, shule za Ulaya zimefunguliwa na bei imeanza kushuka. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo inafaa. Lakini hapo lazima kuongeza neno, kwa sababu uzuri wa maji hayo ndio unaobeba hatari ya msimu.

Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi. Hewa ya kwanza ya baridi ikishuka kutoka Ulaya na kukutana na mvuke huo, mawingu hupanda kwa haraka na mvua ya miezi inaweza kumwagika kwa saa chache. Tarehe 15 Oktoba 2022, Agia Pelagia, kijiji cha pwani karibu na Heraklion, kilipata mafuriko ya ghafla yaliyosukuma magari hadi baharini. Sitia upande wa mashariki nayo iliathirika, na watu wawili walifariki kisiwani siku hiyo. Mabonde ya Krete hukauka miezi mitano hadi sita. Watu wanaegesha magari ndani yake, wengine wamejenga pembeni. Anayekodi gari Oktoba asiliegeshe mahali panapoonekana kama mto wa mchanga, hata kama pako karibu na ufukwe na wenyeji wachache wameegesha hapo.

Wasomaji wa Biblia wanayo habari ndefu na sahihi ya msimu huu, katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Meli ya nafaka ya Aleksandria iliyombeba Paulo kwenda Italia ilishindwa kwenda mbele kwa sababu ya upepo, ikalazimika kupita chini ya Krete, upande uliokingwa, baada ya kuizunguka rasi ya Salmone. Huo ndio mpango wa joshi na demani niliokwisha kuueleza. Ikafika Bandari Nzuri, mahali ambapo hadi leo panaitwa hivyo kwa Kigiriki, Kaloi Limenes, pwani ya kusini. Mfungo ulikuwa umeshapita, maana yake Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Paulo akaonya. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, nahodha akaamini, wakang'oa nanga ili wafike Foinike, bandari bora zaidi ya kupitishia baridi. Muda si mrefu Eurakilo akashuka kutoka kisiwani, upepo wa kaskazini-mashariki, ukawatupa nje kupita Kauda, kisiwa kinachoitwa leo Gavdos, na mwishowe Malta. Upepo mwanana wa kusini unaofuatwa na kishindo kutoka milimani ndiyo njia ya kawaida ya mgandamizo mdogo kupita hapo. Mabaharia wa Gavdos leo wanaijua vilevile, na boti za kwenda huko bado huahirishwa kwa siku.

Majira ya baridi sitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa wasafiri wachache huyachagua. Heraklion mwezi Januari hufika nyuzijoto 15 mchana na 9 usiku. Hoteli nyingi za ufukweni hufungwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na safari za ndege za moja kwa moja kutoka miji mingi ya Ulaya hukoma. Mvua zinaweza kuwa nzito: Februari 2019 mito ya magharibi ilifurika na kuangusha madaraja, likiwemo daraja la kale la mto Keritis karibu na Chania. Lakini miji ya Chania na Heraklion haifungwi, wenyeji wanachuma zeituni, na mara kwa mara, hasa Januari, huja siku za utulivu na jua ambazo Wagiriki huziita za alkioni. Baridi ya ndani ya nyumba ndiyo inayowashangaza watu. Nyumba nyingi za kukodisha zimejengwa kwa ajili ya kiangazi. Uliza kama kuna kipasha joto kabla ya kulipa.

Kiangazi kina suala lake jingine, moto. Miezi mitatu bila tone la mvua, nyasi kavu, na upepo wa 8 au 9: cheche moja inatosha. Mapema Julai 2025 moto ulizuka karibu na Ierapetra, ukasukumwa na upepo mkali hadi kwenye makazi na hoteli, na maelfu ya watu, wageni wengi miongoni mwao, wakahamishwa usiku, wengine kwa boti. Ugiriki hutuma onyo kwa simu zote zilizo katika eneo la hatari kupitia mfumo wa 112, kwa Kigiriki na Kiingereza, hata kama laini yako ni ya nje. Usizime maonyo hayo kwa sababu ya mlio wake mbaya. Namba hiyohiyo ya 112 ndiyo ya kupiga ukihitaji msaada.

Joto na mvua hulitawala pia korongo la Samaria, ambalo wengi huliweka kwenye orodha yao. Ni mwendo wa kilometa 16, kutoka Xyloskalo, zaidi ya mita 1200 juu ya usawa wa bahari, hadi kijiji cha Agia Roumeli ufukweni. Kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na kufungwa mwisho wa Oktoba, kwa sababu mvua za baridi huleta maji na mawe. Ndani ya msimu hufungwa pia siku za joto kali au za mvua, na tangazo hutolewa muda mfupi kabla. Asubuhi kule juu ni baridi hata Juni. Mchana kule chini ni tanuri. Na Agia Roumeli haina barabara ya magari kutoka: unaondoka kwa boti kwenda Sougia au Chora Sfakion. Kwa hiyo siku ya Samaria inahitaji hali tatu zikubaliane, ya juu, ya ndani na ya bahari. Iweke mwanzoni mwa wiki yako ili ikiahirishwa ubaki na siku za kurudia.

Kuhusu mwanga, wengi hawajiandai. Sisi tumezoea saa 12 za mchana mwaka mzima. Krete mwishoni mwa Juni ina mchana wa saa 14 na nusu. Jua linazama saa mbili na dakika arobaini usiku, kwa saa zetu zilezile, kwa sababu wakati wa kiangazi saa za Ugiriki na za Afrika Mashariki hulingana. Desemba wao wako saa moja nyuma yetu, mchana haufiki hata saa 10, na jua linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Anayepanga kuzunguka kisiwa kwa gari Desemba akitumia hesabu ya kilometa za Juni atajikuta kwenye kona za milimani gizani.

Ukishafika, utabiri wa kuangalia kila jioni ni wa upepo kwanza, joto baadaye. Idara ya hali ya hewa ya Ugiriki na kituo cha uchunguzi cha taifa cha Athens hutoa utabiri wa mwelekeo na nguvu kwa kila eneo. Ukisoma kaskazini 4 au chini, kwa kipimo kile cha Beaufort, pwani yoyote inafaa. Kaskazini 6 na kuendelea, acha fukwe wazi za kaskazini. Tafuta ghuba zilizokingwa, au vuka kwenda kusini lakini uepuke Plakias na Ierapetra. Ukisoma kusini 6, baki kaskazini, tarajia joto na pengine vumbi, na usikate tiketi ya boti ya Loutro wala Gavdos kwa siku hiyo. Safari ya kuvuka kutoka pwani hadi pwani, mfano Rethymno hadi Plakias, ni chini ya saa moja kwa gari. Ndiyo maana, kwa wiki moja ya Julai au Agosti, ni bora kulala mahali palipo karibu na barabara ya kuvuka kisiwa kuliko kulipia zaidi hoteli iliyo juu ya mchanga wa pwani moja.